R1100GS ya 1997 inazima kwenye mvua: niiandaeje kwa masika na baridi ya Njombe?

BoksaKigamboni

Wakuu, heshima kwenu.

Chombo ni BMW R1100GS ya 1997, mtumba wa Uingereza, kilomita 118,000. Kiangazi haina neno: stata moja tu imewaka, oili inakula kawaida, difu kimya. Shida ni mvua. Ikinyeshewa sawasawa kwa robo saa hivi inaanza kumisi, kisha inakata moto ghafla kama mtu kazima swichi. Ukiiegesha nusu saa inawaka na kwenda zake kama hakuna kilichotokea. Plagi mpya, betri mpya, filta ya hewa safi. Fundi wa kwanza kasema pampu ya petroli, wa pili kasema kontroli boksi, na bei ya hicho kidude mnaijua.

Mwisho wa Machi kuna safari ya Dar–Njombe, watu wawili na mizigo, halafu njia hiyohiyo tena mwezi wa saba. Kwa hiyo chombo kitakula masika ya pwani, mvua za nyanda za juu na baridi kali. Naomba mnielekeze: hii kuzima ni nini, nini kingine kifunguliwe kabla ya kuondoka, na je, oili ya 20W-50 niibadili niweke nyepesi kwa ajili ya baridi? Upepo wa tairi nao: nikijaza Dar kwenye joto, asubuhi ya Njombe si utakuwa umeshuka sana?

FundiTapeti

Mkuu, kontroli boksi iache ilipo. Motronic (ndiyo hiyo kontroli boksi) ya hizi pikipiki hufa mara chache mno, na ikifa haifufuki baada ya nusu saa. Dalili ulizoeleza ni za sensa za Hall, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa R1100 na R1150 za mwanzo.

Sensa ziko mbili kwenye kisahani kimoja, nyuma ya puli ya krenki, mbele kabisa ya injini chini ya kifuniko cha belti ya alteneta. Ndizo zinazoiambia Motronic krenki iko wapi, ijue lini itoe moto na lini ifungue injekta. Sensa zenyewe ni ngumu. Kinachooza ni waya zake: ganda limekaa kwenye joto la injini miaka yote hiyo, limekakamaa, ukilikunja linavunjika kama ganda la karanga. Kukiwa kukavu waya hazigusani, mambo yanaenda. Maji yakipenya, ishara inavuja kutoka waya mmoja hadi mwingine, Motronic inapotezana na krenki, inakata moto na pampu kwa pamoja. Ndiyo maana fundi wako wa kwanza alishika pampu. Kweli pampu ilikuwa kimya, lakini ilikuwa imezimwa, haikuwa imekufa. Joto la injini likishakausha unyevu, inawaka.

Hakikisha kabla ya kufungua chochote. Weka stendi ya kati, washa, iache ipate joto, chukua chupa ya kunyunyizia kama zile za saluni, piga maji kwenye kifuniko cha mbele, hasa pale waya zinapotokea juu. Macho yawe kwenye mshale wa RPM. Ikiwa ni sensa, mshale unaruka ovyo au unaanguka sifuri mara moja injini inapokata. Ikiwa silinda moja tu inakosa na mshale unaendelea kusoma vizuri, tatizo ni waya za plagi au kofia zake. Hizo zinyunyizie usiku gizani: iliyopasuka utaona cheche za bluu zikitambaa juu yake.

Ikithibitika, toa tenki (liwe na petroli kidogo, na mipira ya mafuta ibane kwa klempu kabla ya kuchomoa), toa kifuniko cha mbele, legeza alteneta, toa belti, fungua bolti ya puli ya krenki uitoe. Hapo simama. Kabla hujagusa bolti za kisahani cha sensa, chora alama mbili kwa msumari uliochongwa, moja kila upande, zipite kwenye kisahani na kwenye bodi ya injini. Kisahani hicho ndicho taimingi. Kikirudi kimesogea digrii chache kuwahi, injini itanoki (itagonga ndani) ukipanda mlima Kitonga na abiria. Kikichelewa, itakosa nguvu na kuchemka.

Waya za PVC za dukani usiziweke. Zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 70 hadi 105 tu, na utarudi palepale. Tafuta waya wa silikoni unaovumilia nyuzi 180, au wa teflon unaopita 200. Unene wa milimita za mraba 0.5 unatosha. Badilisha mmoja baada ya mwingine, usikate zote ukabaki unabahatisha rangi. Choma kwa risasi, usisokote na kuzungushia nailoni. Kila kiungo kivishwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na viungo vipishane ili visirundikane sehemu moja. Viungo vya juu viwe karibu na soketi chini ya tenki, ambako hakuna joto kali. Ule wavu wa chuma unaofunika waya urudishwe kama ulivyokuwa, umeungwa upande mmoja tu. Pale waya zinapopita kwenye bodi rudisha mpira wake na uzungushie silikoni ya gasketi. Kuna wanaoziba kifuniko kizima kwa silikoni. Si vizuri, kwa sababu maji yakipata njia nyingine ya kuingia hayana pa kutokea.

Kwa kuwa belti ya alteneta tayari iko nje, weka mpya. Ni ya kubadilishwa kila kilomita 60,000. Ni aina ya 4PK, lakini ziko zaidi ya urefu mmoja, kwa hiyo nakili namba yote iliyoandikwa kwenye ya zamani.

Oili usiibadili. 20W inawaka bila shida mpaka karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na Njombe haifiki huko. Hii injini inapozwa kwa hewa na oili, ile 50 ndiyo inayoilinda ukikwama nyuma ya lori kwenye mlima. Kiasi ni lita 3.75 pamoja na filta. Isome kwenye kioo chombo kikiwa wima, dakika kumi baada ya kuzima. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni nusu lita tu. Ukimimina lita nzima kwa hofu, injini itaitapika kwenye boksi la hewa na kulowesha filta.

Tapeti (ulegevu wa valvu) nazo: ingizo 0.15 mm, ekzosti 0.30 mm, injini iwe imelala usiku kucha. Toa plagi zote mbili, weka gia ya tano, zungusha kwa tairi la nyuma mpaka uone alama ya OT (pistoni iko juu kabisa) kwenye tundu lililozibwa kwa mpira upande wa kulia, karibu na gia boksi. Pistoni zote mbili zinafika juu pamoja, ila moja tu ndiyo iko kwenye kubana: ile ambayo valvu zake nne zote zina ulegevu. Pima hiyo, zungusha krenki duara moja kamili, pima ya upande wa pili. Valvu za ekzosti ziko mbele, za ingizo nyuma. Ukishakaza nati rudisha fila geji (kibati cha kupimia nafasi) upime tena, maana kukaza kunasogeza skrubu. Bolti za kava ni 8 Nm tu; nyingi tunazokuta zimelika nyuzi ni kazi ya mikono yenye nguvu.

Baada ya tapeti ndipo unasawazisha throto, si kabla. Sailensa (mzunguko wa injini bila kufungua throto) ukiwa umesimama unarekebisha kwa skrubu kubwa za shaba. Kuanzia RPM 2,000 unarekebisha kwa kebo. Skrubu zile ndogo zenye rangi ya kiwandani zinazozuia throto usiziguse hata kama mtu atakuapia.

Shafti_254

Salamu kutoka Nairobi. FundiTapeti amemaliza upande wa mbele, mimi nashika nyuma, kwa sababu watu wengi huandaa injini wakasahau kwamba mvua hii hii inaingia kwenye shafti.

Tazama ule mpira mweusi wenye mikunjo kati ya mkono wa nyuma na difu. Uvute kwa vidole, ufungue mikunjo moja moja. Ufa mdogo tu unaingiza maji na tope, na ndani kuna joint za shafti ambazo hazina pa kutilia grisi. Zikishika kutu utaanza kuhisi mtikisiko wa miguuni mwendo ukizidi kilomita 80 kwa saa, na hapo umechelewa.

Mwaga oili ya difu. Ukitoa bolti, angalia sumaku yake. Unga laini wa kijivu kama grisi ni kawaida. Vipande vinavyometa unavyoweza kuvishika kwa kucha ni beringi kubwa inaanza kumenyeka, na hiyo safari ya Njombe usiende. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Rudisha lita 0.23 ya 80W-90 ya GL-5, pima kwa sirinji kubwa ya duka la dawa. Usiseme "ngoja nijaze mpaka juu": ikizidi, ikipata joto, inasukuma sili na kuvuja kwenye breki ya nyuma. Gia boksi ni oili hiyohiyo, karibu lita 0.8. Washa za bolti ziwe mpya.

Kisha shika tairi la nyuma juu na chini, uliyumbishe. Halafu kushoto na kulia. Likicheza njia zote mbili, ni beringi ya difu. Likicheza upande mmoja tu, mara nyingi ni beringi ndogo za egemeo pale difu inaposhikana na mkono, na hizo ni bei nafuu zaidi.

Petroli. Fungua kifuniko cha tenki, utaona kitundu kidogo kwenye kile kibakuli. Hicho ni cha kutoa maji ya mvua, na kina mpira unaoshuka mpaka chini. Vumbi la kiangazi linakiziba, mvua ya kwanza inajaza kibakuli, ukifungua kutia mafuta maji yote yanaingia tenki. Mwagia maji ya kijiko kimoja uone kama yanatokea chini. Usipoyaona, puliza kwa pampu ya baiskeli. Mpira wa pili kando yake ni wa kupumulia tenki. Ukibanwa wakati wa kurudisha tenki, pikipiki itakosa mafuta kila baada ya nusu saa, nawe utarudi hapa kulaumu sensa.

Filta ya petroli iko ndani ya tenki, ibadilishwe kila kilomita 40,000. Ukiwa umefungua, badilisha pia ule mpira mfupi unaotoka kwenye pampu, na uchukue mpira ulioandikwa kwamba unafaa kuzamishwa ndani ya petroli. Mpira wa kawaida unavimba na kuchomoka, na presha ya mfumo huu ni baa 3.

Taa ya ABS ikiwakawaka ukiwasha asubuhi ya baridi, usikimbilie kununua pampu ya ABS. Stata ikivuta sana na betri ikashuka, ABS inajizima yenyewe. Zima, washa tena injini ikiwa na joto. Ikirudi kila asubuhi, pima stima: betri iliyotulia usiku iwe volti 12.7 au zaidi, na injini ikiwa RPM 3,000 uone kati ya 13.8 na 14.3. Chini ya hapo ni belti au brashi za alteneta.

BoksaKigamboni

Wakuu, maji yamesema. Mshale umeanguka sifuri na injini ikafa, pampu kimya. Kofia za plagi gizani hazikuonyesha kitu. Waya wa silikoni upo madukani hapa Kariakoo, wa teflon haupatikani.

Swali kwa FundiTapeti: kisahani cha sensa tayari kina mikwaruzo ya zamani, na haionekani ipi ni alama ya kiwandani. Inawezekana kuna fundi alishakigusa. Nitajuaje taimingi yake iko sawa?

FundiTapeti

Silikoni inafaa, ila ganda lake ni laini, linakatika likisuguana na chuma. Uvishe soksi ya nyuzi za kioo sehemu yote iliyo ndani ya kifuniko.

Kuhusu taimingi, usiamini mikwaruzo ya mtu. Chora yako mipya kwa mahali kilipo sasa, ili angalau uwe na pa kurudia. Ukishafunga, kabla ya kurudisha kifuniko, pima. Leta pistoni OT, halafu tumia mita ya umeme kwenye waya wa ishara, swichi ikiwa imewashwa, uone volti inaporuka kutoka juu kwenda chini krenki ikipita taratibu. Kitabu cha huduma kinaonyesha ni sensa ipi na ruke wapi. Mtu mwenye taa ya taimingi ya gari anaweza kukuhakikishia kwa dakika tano. Ishara ya mtaani ya kuwahi kupita kiasi ni kunoki kwenye gia ya nne ukifungua throto yote toka RPM 2,500. Ukisikia, usiendelee kupanda mlima hivyo.

PwaniTanga

Naongezea la huku baharini, maana Kigamboni na Tanga ni chumvi ileile. Masika kwa pwani si maji tu. Unyevu unaamsha chumvi iliyokuwa imekaa kavu kwenye maungio ya umeme tangu Januari.

Waya za ardhi kwanza. Toa ule mkubwa unaotoka betri hadi kwenye bodi, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, paka grisi ya silikoni, funga. Kisha soketi zote chini ya tenki: chomoa, puliza, nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, paka grisi kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji, si kwenye meno yenyewe kwa wingi. Balbu ndogo isiyowaka haihitaji kubadilishwa kama tatizo ni kutu ya kijani kwenye kikalio chake.

Bolti za chuma zilizoingia kwenye alumini, za kava za tapeti, za kalipa, za sahani ya chini ya injini, zinagandana na chumvi. Fungua moja moja sasa kwa utulivu, paka kopa grisi kidogo kwenye nyuzi, rudisha. Ukipaka, punguza kidogo nguvu ya kukaza, kwa kuwa nyuzi zilizolainishwa zinavutika zaidi kwa torque ileile.

Breki: mafuta ya DOT 4 yanavuta unyevu. Yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230. Yakishakunywa maji kiwango kinaruhusiwa kushuka mpaka 155. Sasa fikiria kushuka Kitonga na abiria, boksi tatu, na mafuta ya miaka mitatu. Badilisha kila mwaka kabla ya mvua, na usitumie chupa iliyofunguliwa mwaka jana. Toa pini za pedi, zisafishe, zipake grisi ya joto, maana pedi inayogandia kwenye pini inakula diski upande mmoja.

Kuosha: ile mashine ya presha ya kuoshea magari iwe mbali na beringi za magurudumu, mpira wa shafti, shingo ya usukani na dashibodi. Inapita sili kirahisi. Ndoo, sabuni ya kawaida na mpira wa maji wa nyumbani vinatosha. Kipoza oili kilicho mbele kiangalie: tope likikauka kwenye mapezi yake, injini inapanda joto kwenye foleni ya Kibaha bila sababu inayoonekana. Safisha kwa brashi laini, mapezi yanalala ukiyaegemea.

MbaliNaKwetu_Leicester

Huku Uingereza chumvi inamwagwa barabarani makusudi, toka karibu Novemba mpaka Machi, kwa hiyo ushauri wa Tanga unafanana na wetu. Nyongeza moja: chumvi ioshwe kwa maji baridi. Maji ya moto yanaharakisha kutu. Kisha kausha, na upake ACF-50 (dawa ya kuzuia kutu) kwenye vyuma, isipokuwa diski, pedi na tairi.

Nyingine ni kwa wale wanaofunika pikipiki masika yote. Kama hutaiendesha kwa zaidi ya mwezi, mwaga oili ya zamani ujaze mpya kabla ya kuilaza, kwa kuwa oili iliyotumika ina tindikali na unyevu. Jaza tenki mpaka juu ili kusiwe na hewa ya kutoa umande. Weka stendi ya kati, upepo wa tairi ufike kiwango cha juu cha kitabu, toa waya hasi wa betri au uache chaja ndogo ya kutunzia betri. Na ile tabia ya kuiwasha dakika tano kila Jumapili, acha. Dakika tano zinatengeneza maji kwenye salensa na kwenye oili, hazitoshi kuyakausha. Ama uiendeshe nusu saa ya kweli, ama uiache ilale.

Kwa baridi ya mwezi wa saba: ile leva ya kushoto inayofanana na choki, kwenye R1100 haiongezi petroli, inafungua throto kidogo tu. Iweke hatua ya kwanza, washa, ondoka taratibu baada ya nusu dakika. Usiiache imesimama ikiunguruma huku ukinywa chai. Injini hii ikisimama haina upepo wa kuipoza.

Tairi: joto likishuka nyuzi 10 unapoteza karibu baa 0.1. Kutoka Dar nyuzi 32 hadi Njombe nyuzi 8 tegemea kushuka baa 0.25. Kwa hiyo ongeza ukifika.

Mwalimu_wa_Vipimo

Hapo kwenye tairi kuna kitu kimeachwa: mwinuko. Geji inapima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko hewa ya nje ina karibu baa 0.80 dhidi ya 1.01 ya Dar.

Piga hesabu. Tairi la nyuma baa 2.5 kwa geji pale Dar ni baa 3.51 kamili. Kutoka nyuzi 32 hadi 8 inashuka hadi karibu 3.23. Toa 0.80 ya nje, geji itasoma 2.43. Baridi imekula, mwinuko umerudisha. Kama tairi halivuji, usiongeze kitu ukifika. Ukiongeza baa 0.25 Njombe, ukirudi Dar utakuwa umezidisha kwa kiasi hicho, tena kwenye lami ya moto.

Pima tu tairi likiwa baridi, kabla hujatembea. Ukisimama Makambako na tairi la moto ukaona 2.8, usipunguze.

Mpanda_Kitonga

Kwa upande wa barabara, kwanza tarehe. Mwisho wa Machi pwani ndiyo masika yanaanza, lakini Iringa, Njombe na Mbeya msimu wao ni mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo utakutana na mvua pande zote mbili. Mwezi wa saba ni kavu, ila asubuhi kuna ukungu mzito Mafinga mpaka Makambako.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya mwezi mzima baadaye. Dizeli na oili za malori zinaelea juu ya lami kwa nusu saa ya mwanzo mpaka zioshwe. Kwenye barabara kuu hiyo malori yamechimba mikondo miwili, na maji yanasimama humo. Tembea kwenye mgongo kati ya mikondo, au ukingo wa nje wa mkondo, na ukitaka kupita lori vuka mgongo ukiwa wima, throto imetulia, bila breki. Michoro nyeupe na vyuma vya madaraja ni sabuni.

Kitonga ukishuka chagua gia kabla ya kona ya kwanza, ya pili au ya tatu, injini ishike. Diski zilizolowa zinachelewa kushika kwa sekunde moja hivi, kwa hiyo gusa breki kidogo kila baada ya muda ili kuzikausha. Lori linalonuka breki mbele yako usilikaribie, na usilipite kwenye kona kwa sababu tu linaenda polepole.

Tairi: kina cha milimita 2 kwa mvua ni mwisho, hata kama sheria za nchi nyingine zinaruhusu 1. Soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni, wiki na mwaka. Mtumba mwingi unakuja na tairi lenye meno mengi lakini raba imekuwa gumu, na raba gumu kwenye lami yenye maji haishiki.

Kwa ukungu, taa ya mbele ya R1100GS ni hafifu kwa sababu umeme wote unapita kwenye swichi ya mkononi. Weka rilei: waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya ampea 15, swichi ya zamani ibaki kuamuru rilei tu. Balbu ya H4 ya kawaida ya 60/55 wati itang'aa tofauti kabisa. Ukungu ukizidi tumia taa ya chini, ya juu inakurudishia weupe usoni.

BoksaKigamboni

Nimeelewa, wakuu. Puli imetoka leo, na waya mbili kati ya zile zilikuwa uchi kabisa kwa urefu wa kidole. Mpira wa shafti una ufa, umeagizwa. Swali la mwisho: vipuri gani vibebwe, maana njiani baada ya Morogoro hakuna wa kuuliza?

Shafti_254

Belti ya alteneta, hata kama uliyofunga ni mpya, kwa kuwa ikikatika betri inakuhimili muda mfupi tu. Kebo moja ya throto na moja ya klachi, zifunge sambamba na zinazotumika ili usianze kupitisha upya mvua ikinyesha. Plagi mbili, balbu ya H4, fyuzi, mita ndogo ya umeme, mita moja ya mpira wa petroli na klempu zake, vizibo vya tairi lisilo na tyubu pamoja na pampu ndogo ya betri, na nusu lita ya 20W-50. Na ile nati ya kukamata kebo ya klachi kwenye mpini, chukua ya akiba. Ni ndogo, inaanguka gizani, na dukani hawaiuzi peke yake.